Seti ya maabara ya springi: springi za kuaminika, kijitabu kinachohitaji kusahihishwa

Seti ninayoitathmini hapa imetengenezwa kwa ajili ya somo la fizikia katika shule za sekondari na mwaka wa kwanza wa chuo, na kazi yake ni kumwezesha mwanafunzi kuona na kupima jinsi kani inavyorefusha, inavyobana na hatimaye inavyoharibu umbo la springi na vitu vingine nyumbufu. Ndani ya sanduku mna stendi ya chuma yenye urefu wa sentimita 60, vibanio viwili, rula ya sentimita 50, springi tano, kanda kadhaa za mpira, waya ya shaba iliyokunjwa kwenye kigurudumu kidogo, mawe ya mizani ya gramu 50 yanayofikia jumla ya gramu 500 pamoja na kishikizo chake, mizani ya springi inayopima hadi nyutoni 10, na kijitabu cha maelekezo. Nimeitumia mbele ya wanafunzi na nimeitumia peke yangu. Hukumu yangu naitoa mapema: springi zenyewe zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini kijitabu kinafundisha Kanuni ya Hooke kana kwamba haina mwanzo wala mwisho, na mwalimu atakayekifuata neno kwa neno atawafanya wanafunzi wake wapate majibu yasiyo sahihi kutoka kwenye vifaa vilivyo sahihi.

Nianze na stendi na rula, kwa kuwa kipimo chochote cha urefu kinategemea vitu hivi kabla hakijaitegemea springi. Kitako cha stendi ni kizito kiasi kwamba hata mawe yote yakining'inizwa upande mmoja hakiinuki, na hilo ni jambo la usalama wala si la urahisi tu. Rula ina utepe mwembamba wa kioo kando ya alama za milimita, na mshale unaofungwa chini ya springi hupita mbele ya utepe huo. Mwanafunzi anapoinamisha kichwa hadi mshale ufiche taswira yake kwenye kioo, jicho lake liko katika kimo sahihi na usomaji wake haupotoshwi na mahali aliposimama. Ni kitu kidogo, lakini kimeondoa tofauti za milimita mbili au tatu ambazo huzuka kila mara wanafunzi wawili wanaposoma mshale mmoja. Udhaifu upo kwenye kibanio cha rula, ambacho skrubu yake hulegea kidogo kidogo kadiri kazi inavyoendelea, na rula hushuka bila mtu kutambua. Anayeitumia seti hii asome upya mahali pa mshale bila mawe kila anapomaliza mfululizo wa vipimo, ili kama rula imehama ajue kabla hajachora grafu.

Sasa springi. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha kanuni yake kwa uwazi mwaka 1678, miaka miwili baada ya kuitangaza kwa herufi zilizochanganywa makusudi ili asinyang'anywe ugunduzi wake. Anachosema ni kwamba kadiri kani inavyoongezeka ndivyo springi inavyorefuka, kwa uwiano uleule: kani ikizidi maradufu, na ongezeko la urefu huzidi maradufu. Kijitabu kinaieleza kanuni hiyo kwa ufasaha, kisha kinamwagiza mwanafunzi aning'inize springi nyembamba, ambayo waya yake ina unene wa milimita 0.6 na mizunguko 30, na aongeze mawe moja baada ya jingine huku akiandika ongezeko la urefu.

Matokeo niliyoyapata yanastahili kuandikwa hapa kwa ukamilifu, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niitazame seti hii kwa makini zaidi. Jiwe la kwanza, lenye gramu 50, liliirefusha springi kwa milimita 4 tu. Gramu 100 ziliirefusha kwa milimita 23, gramu 150 kwa milimita 43, gramu 200 kwa milimita 62, gramu 250 kwa milimita 82, na gramu 300 kwa milimita 102. Msomaji akichukua tofauti kati ya kipimo kimoja na kinachofuata ataona kwamba kuanzia jiwe la pili kila gramu 50 zinaongeza milimita 19 au 20, bila kuyumba. Jiwe la kwanza peke yake ndilo linaloonekana kama limedhulumiwa.

Jiwe hilo halina kasoro, na springi haina kasoro. Springi za kuvuta hutengenezwa mara nyingi kwa kuizungusha waya huku ikisokotwa kidogo, hivyo kwamba mizunguko hubanana yenyewe kwa yenyewe hata pasipo kitu kilichoning'inizwa. Kabla springi haijaanza kufunguka, ni lazima kani inayovuta ishinde kwanza kani hiyo ya awali iliyofungiwa ndani ya chuma. Katika springi hii kani ya awali ni takriban nyutoni 0.4, wakati jiwe la gramu 50 lina uzito wa nyutoni 0.49, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wa jiwe la kwanza hutumika kuachanisha mizunguko na kinachobaki cha kurefusha ni kidogo sana. Ukitazama kwa karibu wakati unalishusha jiwe hilo taratibu kwa kidole, utaona springi imetulia kama bomba lililo zima, kisha ufa mwembamba wa mwanga unajitokeza kati ya mizunguko miwili, halafu nyufa nyingine zinafuata juu na chini yake. Springi nene, yenye waya ya milimita 0.9, inalionyesha jambo hilo kwa nguvu zaidi: mawe mawili ya kwanza hayaifungui hata kidogo, na mshale haujongei mpaka jiwe la tatu liwekwe.

Hapa ndipo kijitabu kinapopotoka. Kinamwagiza mwanafunzi agawanye kila uzito kwa ongezeko lake la urefu, apate ugumu wa springi, yaani kani inayohitajika kwa kila mita ya kurefuka, kwa kila mstari wa jedwali, kisha achukue wastani. Kwa vipimo vya hapo juu, mstari wa kwanza unatoa zaidi ya nyutoni 120 kwa mita, wa pili kama nyutoni 43, wa nne karibu nyutoni 32, na wa sita karibu nyutoni 29. Wastani wa namba zinazokimbiana namna hiyo hauna maana yoyote, na kwa springi nene mwanafunzi ataambiwa agawanye kwa sifuri. Njia sahihi ni kuchora grafu ya uzito dhidi ya ongezeko la urefu, kuiacha nukta ya mwanzo mahali ilipo bila kulazimisha mstari upite kwenye sifuri, na kusoma mteremko wa sehemu iliyonyooka. Nyutoni 0.49 zikigawanywa kwa mita 0.0196 zinatoa nyutoni 25 kwa mita, na hiyo ndiyo namba iliyochapishwa na mtengenezaji kwenye kibandiko cha springi yenyewe. Maana yake ni kwamba aliyetengeneza springi alijua anachokifanya, na aliyeandika kijitabu hakuzungumza naye.

Kuna mwalimu ambaye anaweza kudhani kwamba ninashikilia jambo dogo, kwa hiyo nieleze jinsi seti hii inavyoweza kuamua ugomvi huo bila mtu kubishana. Ning'iniza gramu 200, zivute chini kwa sentimita mbili au tatu, ziache zipande na kushuka, na uhesabu mitetemo 20 kwa saa ya kupimia sekunde. Muda wa mtetemo mmoja hutegemea kipeuo cha pili cha uwiano wa masi kwa ugumu, ukizidishwa kwa pai mara mbili. Kama ugumu ungekuwa nyutoni 32 kwa mita, kama jedwali la kijitabu linavyotoa kwa uzito huo, mitetemo 20 ingekwisha kwa takriban sekunde 10. Kama ni nyutoni 25, itachukua takriban sekunde 11.2. Saa inatoa jibu la pili kila mara, na tofauti ya sekunde nzima haiwezi kusingiziwa ulegevu wa kidole. Sharti moja lizingatiwe: mitetemo iwe midogo kiasi kwamba mizunguko ya springi haigongani inapopanda juu, la sivyo mwendo unavurugika na hesabu haisimami. Wanafunzi waliowahi kuona njia mbili za kupima zikipingana, kisha njia ya tatu ikaamua, huielewa grafu kwa namna ambayo maelezo ya ubaoni hayawezi kuwapa.

Sehemu ya seti niliyoipenda kuliko zote ni uteuzi wa springi zenyewe. Mtengenezaji hakutupa springi tano za ovyo ovyo; amezichagua ili zilinganishwe. Mbili ni pacha wa ile nyembamba niliyoieleza. Ya tatu ina idadi ileile ya mizunguko na kipenyo kilekile cha milimita 12, ila waya yake ni nene mara moja na nusu. Ya nne ina waya nyembamba ya milimita 0.6 na mizunguko 30, lakini kipenyo chake ni milimita 24. Kwa hiyo kila mara kinabadilika kitu kimoja tu, na mwanafunzi anaweza kusema kwa uhakika ni kitu gani kilichosababisha tofauti anayoiona.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyokisia. Watu hudhani kwamba springi inapovutwa, waya yake inarefuka. Ukweli ni kwamba waya ya springi ya mzunguko husokotwa. Kila kipande chake kidogo hujipinda kwa kuzunguka mhimili wake, na jumla ya misokoto hiyo midogo ndiyo inayoonekana kwetu kama kurefuka. Ukinzani wa waya dhidi ya kusokotwa hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake. Waya ikiongezeka unene mara moja na nusu, ugumu wa springi huongezeka mara tano na kidogo, na ndivyo ilivyopimika: gramu 50 zinazoirefusha springi nyembamba kwa karibu milimita 20 zinairefusha ile nene, ikishafunguka, kwa milimita 4 tu. Kipenyo cha mzunguko nacho hufanya kazi kinyume na kwa kipeo cha tatu: kikizidi maradufu, ugumu hupungua mara nane. Ndiyo maana springi pana ina ugumu wa nyutoni 3 tu na kitu kwa mita, ingawa chuma chake ni kilekile.

Springi hiyo pana ina jambo jingine la kutazamwa. Ining'inize bila jiwe lolote na uitazame kutoka ubavuni. Mizunguko ya juu imeachana zaidi kuliko ya chini, kwa sababu kila mzunguko unabeba uzito wa mizunguko yote iliyo chini yake, na ule wa mwisho kabisa haubebi kitu isipokuwa kulabu. Springi inajirefusha kwa uzito wake yenyewe kwa karibu milimita 8. Kijitabu hakilitaji hili popote, na ni hasara, kwa kuwa hapa mwanafunzi anaweza kuona kwamba kani ndani ya kitu haiwi lazima sawa kila mahali.

Kwa bahati mbaya seti haijaitendea haki springi hii. Jiwe moja la gramu 50 linairefusha kwa karibu sentimita 16, mawe mawili kwa sentimita 31, na jiwe la tatu linagusa meza kwa kuwa stendi ni fupi. Nukta mbili hazitoshi kuchora mstari wa kuaminika. Mawe ya gramu 10 yangelitatua tatizo hili kwa gharama ndogo sana, na sielewi kwa nini hayakuwekwa. Atakayeinunua seti ajitafutie mawe hayo mapema.

Springi pacha zinakusudiwa kufungwa moja chini ya nyingine, kisha sambamba. Zikifuatana, kila moja inabeba kani yote, kwa hiyo urefu unaongezeka maradufu na ugumu unashuka hadi nyutoni 12.5 kwa mita. Zikiwa sambamba zinagawana mzigo na ugumu unapanda hadi 50. Vipimo vinakubaliana na hesabu vizuri. Kipande cha bao kinachounganisha springi mbili sambamba kina tundu la mawe katikati kabisa, na kinakaa mlalo bila kusumbua. Uzito wa bao lenyewe uchukuliwe kuwa sehemu ya hali ya mwanzo, na kijitabu, kwa mara hii, kinalisema hilo.

Sasa nifike kwenye lawama yangu kubwa. Kanuni ya Hooke inafanya kazi mpaka mahali fulani tu. Kani ikizidi kikomo cha unyumbufu, chembe za chuma huteleza zikahama mahali pake, na springi ikiachwa hairudi ilikokuwa. Kwa yeyote atakayebuni daraja, gari, kiti au mlango, kujua kikomo hicho kipo wapi ni muhimu sawa na kuijua kanuni yenyewe. Lakini mawe yote yaliyomo kwenye sanduku yakiwekwa pamoja ni nyutoni 4.9, na springi nyembamba inayabeba yote, inarefuka kwa sentimita 18, kisha inarudi kama haijaguswa. Kijitabu kinaonya kwa herufi nzito kwamba springi zisizidishiwe mzigo. Mwanafunzi anamaliza kazi zote za kijitabu akiwa ameona mstari ulionyooka na hajaona kamwe unapokatikia.

Kwa hiyo niliitoa springi moja pacha sadaka, na ninamshauri kila mwalimu afanye vivyo hivyo mbele ya darasa. Nilifunga ncha moja kwenye stendi iliyolazwa na kubanwa mezani, nikaivuta ncha nyingine kwa mizani ya springi hadi karibu nyutoni 9, wanafunzi wakiwa wamesimama mbali na mstari wa mvuto na waliokaribu wakiwa wamevaa miwani ya kinga, kwa kuwa springi ikichomoka katika hali hiyo inaweza kumjeruhi mtu jicho. Ilipoachwa, mizunguko haikufunga tena. Springi ilibaki ndefu kuliko awali kwa zaidi ya sentimita mbili, na ukiiinua dhidi ya dirisha mwanga unapita kati ya kila mzunguko.

Kilichofuata ndicho ninachotamani kila kijitabu cha fizikia kingekieleza. Tuliipima upya springi hiyo iliyoharibika kuanzia urefu wake mpya. Kila gramu 50 ziliirefusha kwa karibu milimita 20, sawa kabisa na ilivyokuwa ilipokuwa mpya, na safari hii hata jiwe la kwanza lilitoa milimita zake kamili. Ugumu haukubadilika, kwa sababu ugumu unategemea aina ya chuma, unene wa waya, kipenyo na idadi ya mizunguko, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kilichopotea ni kani ya awali na urefu wa asili. Grafu ya springi iliyoharibika sasa inaanza kwenye sifuri na inafuata maelekezo ya kijitabu kuliko springi nzima ilivyoyafuata. Mwanafunzi aliyezoea kudhani kwamba kitu kilichoharibika ni kitu kilicholegea analazimika kutenganisha mambo mawili: umbo ambalo springi inalirudia, na bidii ambayo springi inaitumia kulirudia.

Kanda za mpira zilizomo kwenye seti ni nzuri, na hapa kijitabu kinakosea kwa namna nyingine. Kinamtaka mwanafunzi atafute ugumu wa ukanda wa mpira kama alivyofanya kwa springi, ilhali ukanda wa mpira hauna ugumu mmoja. Mawe ya kwanza yanauona mpira ukikaza kidogo, yanayofuata yanaurefusha kwa wepesi, kisha kuelekea mwisho unakuwa mgumu ghafla na kila jiwe linaongeza urefu mdogo kuliko lililotangulia. Sababu iko kwenye umbile la mpira: umejengwa kwa minyororo mirefu ya molekuli iliyojiviringa ovyo, na kuuvuta ni kuinyoosha minyororo hiyo, ikishanyooka, kinachovutwa ni viungo vyenyewe, na viungo havikubali kwa urahisi.

Ondoa mawe moja baada ya jingine na uendelee kusoma mshale, hatua ambayo kijitabu kimeiruka. Kwa uzito uleule, ukanda ni mrefu zaidi wakati wa kushusha mzigo kuliko ulivyokuwa wakati wa kupandisha, na kwenye grafu mistari miwili inaacha nafasi katikati yake. Eneo la nafasi hiyo ni nishati iliyotumika kuuvuta mpira na ambayo haikurudishwa ulipoachwa. Imegeuka kuwa joto. Ndiyo sababu kitako cha mpira kinafaa kuwekwa chini ya mashine inayotikisika: hukimeza kiasi cha mtikisiko badala ya kuurudisha wote. Springi ya chuma iliyopimwa kwa njia hiyohiyo inarudi juu ya mstari wake bila kuacha nafasi inayoonekana kwa rula.

Na kuna jambo lisilohitaji kifaa chochote zaidi ya ukanda wenyewe, ukiwa mpana na safi. Ugusishe kwenye mdomo wa juu, uuvute haraka mpaka karibu na mwisho wake, na utahisi umepata joto. Uache urudi baada ya muda kidogo na utahisi umepoa. Kinyume chake pia ni kweli: ukanda ulioning'inizwa na jiwe ukipulizwa hewa ya moto hufupika na kuliinua jiwe, wakati springi ya chuma katika hali hiyo hulegea kidogo sana. John Gough alilieleza jambo hili la mpira mwanzoni mwa karne ya 19, na James Joule akalipima kwa makini baadaye katika karne hiyohiyo. Joto huichangamsha minyororo ya molekuli, na minyororo iliyochangamka hutaka kujiviringa. Seti inayouzwa kwa ajili ya kufundishia unyumbufu, na ambayo tayari ina kanda hizi, ilipaswa kutenga angalau ukurasa mmoja kwa jambo hili.

Waya ya shaba ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Thomas Young, ambaye jina lake limebaki kwenye kipimo cha ukinzani wa maada dhidi ya kuvutwa, alilizungumzia wazo hilo katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1807, na kijitabu kinataka mwanafunzi apime kiasi hicho kwa shaba. Lakini kipande cha nusu mita chenye unene wa milimita 0.3, kikivutwa kwa mawe yote yaliyopo, kinarefuka kwa takriban milimita 0.3 tu. Rula yenye alama za milimita haiwezi kuliona hilo, na shaba laini inaweza kuwa imeshaanza kuvuka kikomo chake. Jaribio hili linahitaji waya ya mita mbili au zaidi iliyopitishwa mezani hadi kwenye kapi, pamoja na kipimo cha sehemu za milimita. Kwa vifaa vilivyomo, nashauri liachwe.

Springi ya tano ni ya kubanwa. Inafanya kazi yake kwa uaminifu mpaka mizunguko inapogusana, ambapo grafu inapanda wima kwa kuwa sasa kinachobanwa ni chuma kitupu. Kijiti cha katikati kinachoizuia isipinde kando ni kifupi kidogo.

Mizani ya springi ni nzuri kwa kiwango chake. Nimeijaribu kwa gramu 500 na ikasoma nyutoni 4.9 kama inavyopaswa, na ina kirekebishi cha sifuri juu yake. Ni muhimu sifuri irekebishwe kwa mkao ambao mizani itatumiwa. Ikirekebishwa ikiwa imening'inia, kisha ikalazwa mezani, mshale unarudi nyuma ya sifuri kwa karibu nyutoni 0.2, kwa sababu uzito wa kulabu na fimbo yake hauivuti tena springi ya ndani. Mwalimu akumbushe pia kwamba kifaa hiki kinapima uzito wala si masi. Jiwe lilelile lina uzito pungufu kidogo karibu na Ikweta, ambako kila kilo huvutwa kwa nyutoni 9.78, kuliko kwenye ncha za dunia, ambako ni nyutoni 9.83. Mizani hii haina ukali wa kuiona tofauti hiyo, lakini mwanafunzi anapaswa kujua kwamba ipo.

Je, inunuliwe? Kwa shule yenye mwalimu aliye tayari kuandika maelekezo yake mwenyewe, jibu langu ni ndiyo bila kusita, kwa kuwa springi zilizolinganishwa kwa uangalifu namna hii hazipatikani kwa urahisi, na rula yenye kioo ni kifaa kinachodumu. Kwa anayejifunza peke yake kwa kukitegemea kijitabu, ningemshauri asubiri toleo lililosahihishwa, au aanze na grafu na kuyapuuza majedwali ya kugawanya. Kanda za mpira zihifadhiwe mbali na jua na mafuta, maana hupasuka mapema, na springi zisiachwe zimening'inia na mawe usiku kucha. Mtengenezaji huuza springi moja moja kwa wanaohitaji za ziada. Katika oda ya kwanza ziongezwe nyembamba mbili, ili kila darasa lipate moja ya kuvutwa hadi iharibike.